Taja Mtu Mmoja Aliyechukua Magodoro

Katika nchi yetu mtu haulizwi kitu mpaka aonyeshe kadi. Mgeni akivuka mpaka huona ajabu, lakini akishakaa kidogo anazoea, kama tumbo lake linavyozoea maji yetu ya bomba.

Mambo yalianza mwaka ule watoto walipofeli mtihani wa taifa kwa wingi, hata redio ikasoma majina yote ya waliofaulu na bado ikabaki na muda wa kupiga muziki. Kiongozi wetu, ambaye cheo chake ni Msimamizi Mkuu wa Taifa, akaunda tume. Tume ikazunguka nchi nzima, ikala, ikalala kwenye hoteli nzuri, ikarudi na ripoti nene. Ripoti ilisema watoto hawaelewi yale maneno ya maagizo yanayoanzia maswali. Wakiambiwa "taja" wanaeleza. Wakiambiwa "eleza" wanataja. Wakiambiwa "jadili" wanasifia upande mmoja tu, tena ule wa serikali, mpaka karatasi inaisha. Wakiambiwa "tathmini" wanaomba ruhusa ya kwenda chooni.

Mimi ningekuwa mkubwa ningeajiri walimu. Ndiyo maana mimi si mkubwa. Msimamizi Mkuu aliona mbali zaidi. Alisema shule hazina kosa, kosa liko majumbani, ambako watu wanaulizana ovyo. Mama anamwambia mtoto, "Hebu nieleze umekula nini," wakati jibu ni ugali, na ugali ni wa kutajwa, hauelezwi. Taifa linaharibikia jikoni. Basi ikatungwa Sheria ya Maneno ya Maagizo. Kila raia akapewa kadi yenye neno lake kulingana na alipofika shuleni, na ikawa marufuku kumuuliza mtu, au yeye kujibu, kwa neno lililo juu au chini ya kadi yake.

Walioishia shule ya msingi walipewa Kadi ya Taja, ya kijivu. Wa sekondari walipewa Kadi ya Eleza, ya kijani. Wa chuo kikuu walipewa Kadi ya Jadili, ya bluu. Wakubwa walipewa Kadi ya Tathmini, yenye kingo za dhahabu, wengine kwa kusoma na wengine kwa kuteuliwa.

Mimi nina bucha hapa mjini Ngarambo. Niliacha shule darasa la sita, baba alipovunjwa mguu na fahali na mifugo ikakosa mtu wa kuichinja. Kadi yangu ni ya kijivu na sioni aibu. Mwenzangu wa kijivu akija namuuliza anataka nini, anasema, "Maini." Nakata maini. Anakwenda. Balaa ni wasomi. Mwenye Kadi ya Jadili akiulizwa anataka nini, lazima atoe pande mbili. "Kwa upande mmoja, nyama ya paja haina mifupa mingi. Kwa upande mwingine, mbavu zina ladha. Aidha, wapo wanaodai kwamba..." Foleni inafika barabarani. Na akifika kwenye hitimisho, mara nyingi anahitimisha kwa dagaa.

Faida za sheria tuliziona mapema. Hospitalini daktari alikuwa haruhusiwi tena kumsumbua mama wa kijijini kwa kumwambia aeleze anavyoumwa. Mama anasema, "Tumbo," anapewa dawa ya tumbo, anarudi na tumbo lake. Watangazaji wa mpira wenye kadi za kijivu wakawa wanataja majina ya wachezaji tu, dakika zote tisini, na goli likiingia tunalijua kwa kelele za uwanjani. Nyumba ya jirani yangu iliposhika moto, mkewe alipiga simu zimamoto akasema, "Moto." Fomu yao ilitaka maelezo ya ulivyoanza. Hakuwa na kadi hiyo. Walisubiri pale pale kwenye gari lao, injini ikiunguruma, mpaka akapatikana mtu wa kidato cha nne. Wakati huo hapakuwa na moto tena, wala nyumba, kwa hiyo hata maji hayakupotea.

Lakini waliofaidi zaidi ni wakubwa wenyewe. Mwenye Kadi ya Tathmini haruhusiwi kutaja. Kutaja ni chini ya hadhi yake, tena ni kosa la jinai. Kwenye mkutano wa hadhara mzee mmoja alisimama akamwambia Mkuu wetu wa Wilaya, Mheshimiwa Pangalashaba, "Baba, tutajie tu mwezi, barabara itakwisha mwezi gani?" Mzee akakamatwa kwa kumuuliza mtu wa dhahabu swali la kijivu. Mheshimiwa aliumia moyo sana. Alisema angependa mno kututajia, lakini sheria ni msumeno, akaitathmini barabara mpaka jua likazama.

Mtauliza mbona mimi mwenye Kadi ya Taja nasimulia kirefu namna hii. Sheria inakataza kujibu zaidi ya kadi yako. Haikatazi kusema bila kuulizwa, kwa sababu walioitunga hawakuwaza kwamba kuna mtu atasema bila kuulizwa.

*

Sasa niwaambie ya magodoro.

Hospitali yetu ya wilaya ililetewa magodoro mapya na marafiki wa nje, ya wodi ya wazazi, ambako kina mama walikuwa wakijifungulia juu ya mikeka. Yalikuja asubuhi kwenye lori, dereva akipiga honi, sote tukatoka kuyaona. Kila godoro lilikuwa na muhuri mkubwa wa zambarau: WODI YA WAZAZI. Manesi walipiga vigelegele. Mheshimiwa Pangalashaba alitoa hotuba akayatathmini magodoro yale, unene wake, ulaini wake, na mchango wa usingizi katika uchumi.

Alasiri ya siku ile ile, lori lile lile likapita mbele ya bucha yangu likitoka hospitali, limejaa magodoro yale yale. Mheshimiwa alikuwa amekaa mbele karibu na dereva. Dirisha lilikuwa wazi. Aliniona, akanipungia.

"Habari za biashara, Bwana Mbaruku?"

"Nzuri," nikasema, maana hilo ni la kutaja.

Mkewe alikuwa anafungua nyumba ya wageni, inaitwa Pumzika. Ilifunguliwa kabla wiki haijaisha. Mji wetu una joto, wageni wanatoka jasho, na ule wino wa hospitali haukuwa wino wa kuaminika. Ukawa unakutana na watu sokoni asubuhi, mtu na suti yake na mkoba wake, shavuni ameandikwa WODI YA WAZAZI kwa herufi zilizogeuka. Unamsalimia, anakusalimia, mnaagana.

Manesi nao walikuwa wanaona. Wazazi waliendelea kulala wawiliwawili juu ya mkeka mmoja. Halafu wale marafiki wa nje wakaandika kwamba wanakuja kupiga picha magodoro yao. Hapo serikali ikachukua hatua kali. Ilimkamata mwenye ufunguo wa stoo.

Mwenye ufunguo wa stoo ni Hidaya, mdogo wangu, tumbo moja.

*

Nilimpelekea chakula mahabusu. Askari alisimama karibu, kadi yangu mkononi mwake, asikie kama nitaeleza chochote.

"Kaka, umeniletea nini?"

"Supu."

"Na wakili umepata?"

"Tindwa."

"Ana kadi gani?"

"Jadili."

Hidaya akaweka bakuli chini. "Mungu wangu," akasema.

Hakukosea. Siku ya kesi, Wakili Tindwa alisimama na joho lake, akarekebisha miwani, akasema, "Mheshimiwa Hakimu, kwa upande mmoja mteja wangu hana hatia hata chembe. Ni mchapakazi, ni mwaminifu. Kwa upande mwingine, ufunguo alikuwa nao yeye, na watu waaminifu wamekuwa wakiiba tangu dunia ianze. Kwa kuhitimisha, hoja za pande zote mbili zina uzito." Akakaa. Akanigeukia akaninong'oneza, "Nimewabana vizuri, eh?"

"Mjinga," nikasema. Askari alitazama kadi yangu, akaona liko ndani ya sheria.

Hidaya naye alipandishwa kizimbani. Ana Kadi ya Eleza, akaulizwa swali la kijani kama inavyotakiwa.

"Eleza jinsi ulivyoiba magodoro ya hospitali."

"Sikuiba," akasema Hidaya.

Hakimu Lwiza akatikisa kichwa kwa masikitiko. Alikuwa mwalimu mkuu zamani, kabla serikali haijagundua kwamba mahakama na mtihani ni kazi moja. "Binti, soma swali. Hukuulizwa kama uliiba. Umeulizwa jinsi. Mtahiniwa amekwepa swali, sifuri."

"Lakini mheshimiwa, magodoro kila mtu aliyaona..."

"Unajibu swali ambalo halijaulizwa. Sifuri nyingine."

Kifungo cha kosa lile ni miaka saba. Lakini sheria inasema hukumu haiwezi kusomwa mpaka shahidi ajibu swali la kutaja, na kutaja ni kazi ya kadi za kijivu. Wakatafuta shahidi wa kijivu mji mzima. Muuza mkaa akawa na homa. Mama wa vitumbua akakumbuka msiba wa mbali. Mshona viatu alikuja mpaka mlangoni, akamwona Hidaya, akageuka na kwenda zake akiwa na kiatu cha karani mkononi.

*

Ndipo Bi Mkamburi akaja buchani. Yeye ndiye mwendesha mashtaka. Alisahihisha mitihani ya taifa miaka mingi kabla ya kuhamishiwa mahakamani, na mpaka leo anatembea na kalamu nyekundu masikioni, moja kila upande. Alisubiri wateja wakaisha, akaagiza nusu kilo ya maini.

"Bwana Mbaruku, wewe ndiye shahidi wetu," akasema.

Nikaacha kisu.

"Ndugu akimtaja ndugu yake hakuna rufaa. Swali lako ni moja: taja mtu mmoja aliyechukua magodoro. Nakuvujishia na jibu kabisa, maana mwongozo wa usahihishaji nimeshauandika. Jibu ni Hidaya."

"Pangalashaba," nikasema.

Aliangalia barabarani, huku na huku. "Hilo halimo kwenye mwongozo."

"Pangalashaba."

"Hata ulirudie, bwana, jibu lisilo kwenye mwongozo ni kosa. Hebu nijadili nawe, kadi yangu inaniruhusu. Kwa upande mmoja, ukimtaja Hidaya, atapata miaka mitatu badala ya saba, kwa kuwa familia imetoa ushirikiano, na leseni ya bucha yako itabaki ukutani. Kwa upande mwingine, ukijibu vibaya, anakula saba zote, na wewe hiyo leseni uitafute." Akachukua maini yake. "Kwa kuhitimisha, hongera. Ni wachache wanaopewa mtihani na majibu yake."

"Hayo maini," nikasema.

"Yana nini?"

"Mabovu."

Hayakuwa mabovu. Lakini alikwenda nayo akiyanusa njia nzima.

Nilimfuata Hidaya mahabusu. Askari wa siku hiyo alikuwa kijana wa Darasa la Saba, kijivu mwenzangu, akatugeuzia mgongo, tukaongea kama watu.

"Nitaje mimi," Hidaya akasema.

"Acha ujinga."

"Kaka, piga hesabu. Mitatu si saba. Nikitoka bado nitakuwa na meno. Na bucha itakuwepo. Bucha ikifungwa mama atakula nini?"

"Kwa hiyo niseme mbele ya watu kwamba wewe mwizi."

"Si wewe unayesema. Ni mwongozo."

"Mdomo wangu, Hidaya."

Akasema, "Nilikuwa nimeshayatandika, unajua? Vitanda vyote. Mama mmoja wa mapacha alishalala, wakaja wakamwambia ainuke. Aliinuka mwenyewe, akawasaidia kulibeba." Akafuta uso kwa kanga. "Nitaje, kaka. Usinifanye nikae saba kwa sababu ya kichwa chako kigumu."

Nilirudi nyumbani. Usiku ule nilinoa visu vyote, hata vile vikali.

*

Siku ya kutaja, mahakama ilijaa mpaka madirishani. Waliokuwa na homa walikuwa wamepona wote wakaja. Hakimu Lwiza anaishi makao makuu ya mkoa na akija huku kwa kesi hufikia Pumzika, kwa gharama ya serikali. Aliingia, sote tukasimama, na kwenye shavu lake la kushoto palikuwa na muhuri wa zambarau, mzito, unaosomeka kama una kioo. Karani aliutazama. Bi Mkamburi aliutazama. Mama wa vitumbua aliutazama akajifunika mdomo kwa mtandio. Hakimu akauliza kama kuna jambo. Karani, mwenye Kadi ya Eleza, hakuwa ameambiwa aeleze, akasema hakuna.

Nikapandishwa kizimbani. Nikaonyesha kadi. Hidaya alikuwa mbele yangu, akinikazia macho, midomo yake inasema jina lake mwenyewe bila sauti, kama mwenzako darasani anavyokuvujishia jibu.

"Shahidi," akasema Hakimu, "soma swali kwa makini. Usiandike pembeni mwa... samahani. Swali. Taja mtu mmoja aliyechukua magodoro. Ukitaja zaidi ya mmoja, litasahihishwa la kwanza tu. Umeelewa?"

"Ndiyo."

"Jibu."

Nilimtazama Hidaya. Nilijaribu, kusema kweli. Nilifungua mdomo niseme Hi, na ulimi wangu ukakataa kama punda kwenye daraja. Nikageuka nikatazama shavu la Hakimu, lile neno WAZAZI limemlalia pale kama kwamba ndipo mahali pake.

"Pangalashaba," nikasema.

Hidaya alifumba macho. Mtu mmoja dirishani akaanguka nje. Bi Mkamburi alikwisha kuchomoa kalamu moja sikioni.

"Kosa!" akasema. "Mheshimiwa, halimo kwenye mwongozo. Naomba hukumu. Miaka saba."

"Taratibu," akasema Hakimu. "Mwongozo husomwa mpaka mwisho ndipo alama itolewe. Nimesahihisha kabla yako, Bi Mkamburi." Akavaa miwani, akashika karatasi, akasoma kwa sauti. "Swali: taja mtu mmoja aliyechukua magodoro. Jibu: Hidaya, mtunza stoo. Alama zote." Akashuka na kidole. "Kisha hapa chini umeandika..." Akasogeza karatasi karibu na pua. "Umeandika, 'Jibu jingine lolote lililo sahihi lipewe alama.'"

Bi Mkamburi akapauka. "Nimeandika?"

"Mwandiko wako huu."

"Hayo ni mazoea tu, mheshimiwa! Kila mwongozo tunamalizia hivyo. Miaka yote. Mkono unaandika wenyewe, siyo mimi!"

"Najua. Hata mimi nilikuwa naandika hivyo. Lakini limeandikwa, na mwongozo ni mwongozo." Alivua miwani. "Basi limebaki jambo moja. Je, jibu la shahidi ni sahihi?"

Sote tulikuwa tunatazama shavu lake.

"Mheshimiwa," akasema Wakili Tindwa, akiinuka, "kwa upande mmoja ni sahihi. Kwa upande mwingine..."

"Kaa chini. Hata mimi ni Kadi ya Jadili, kujadili najua. Tukianza kujadili tutazeekea humu. Kusema jibu ni sahihi au si sahihi ni kutathmini. Nani hapa wilayani ana Kadi ya Tathmini?"

Karani akainuka polepole. "Ni mmoja tu, mheshimiwa."

"Nani?"

Karani akakohoa. "Kumtaja siruhusiwi, mheshimiwa. Naweza kueleza alivyo. Ni mnene, ana gari jeupe, na mkewe ana nyumba ya wageni."

"Mwite," akasema Hakimu.

*

Mheshimiwa Pangalashaba alikuja akiwa amefurahi. Alikuwa hajaambiwa zaidi ya kwamba mahakama inahitaji tathmini, na huyo ni mtu ambaye ukimwamsha usingizini ukamwambia tathmini, anakohoa na kuanza. Akapewa meza yake, kiti chake, namba yake ya mtihani na karatasi zenye mistari. Hakimu akamsomea masharti: tathmini ya mahakama huandikwa, itaje nguvu na udhaifu, imalizie kwa hitimisho la neno moja, sahihi au si sahihi, akisema si sahihi atoe ushahidi wa mahali magodoro yalipo, na mtahiniwa haruhusiwi kutoka chumbani kabla hajamaliza.

"Sina shida," akasema Mheshimiwa, akikunja mikono ya suti. "Jibu lenyewe ni lipi?"

Hakimu akaliandika ubaoni.

Mheshimiwa alilisoma jina lake. Alilisoma tena. Alitazama mlango, na mlangoni alikuwa amesimama yule askari wa kijivu, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa usimamizi wa chumba. Basi akafanya kile anachokijua. Akainamia karatasi, akaandika, na kwa kuwa hajazoea kuandika bila kuhutubia, akawa anatamka.

"Utangulizi. Ili kulitathmini jibu hili ipasavyo, hatuna budi kujiuliza kwanza: godoro ni nini? Kihistoria, binadamu amelala. Wahenga wetu walilala. Katika zama hizi za ushindani, dhana ya kuchukua nayo imepanuka..."

Kufika mchana alikuwa kwenye zama za chuma. Bi Mkamburi, aliyekuwa ameshaelewa, alikaa ameziba uso kwa viganja. Alasiri Mheshimiwa akainua mkono juu kama mtoto wa shule.

"Naomba karatasi ya nyongeza."

Akapewa. Baadaye akaomba kwenda chooni. Akaenda, askari nyuma yake, mlango wazi, kama ilivyo kwenye mitihani yote.

Jua lilipoanza kushuka, karani akamuuliza Hakimu habari ya mshtakiwa. Arudishwe mahabusu?

Hakimu alijikuna shavu. Akatazama kidole chake, kimekuwa cha zambarau. Akakitazama kwa muda, na mimi nikamwona anasoma. Akakipangusa kwenye joho.

"Matokeo yametoka?" akauliza.

"Bado, mheshimiwa. Yanatathminiwa."

"Mlisikia wapi mtahiniwa anasubiri matokeo jela? Matokeo husubiriwa nyumbani. Hidaya, nenda kwenu. Bwana bucha, na wewe nenda kafungue. Leseni haifutwi mpaka tujue kama umefeli."

Watu walipiga kelele mpaka Mheshimiwa akapoteza aya.

*

Hivi ninavyosimulia, bado anaandika. Kila asubuhi karani anapita mbele ya bucha na bunda la karatasi mabegani akielekea mahakamani, ananisalimia. Kesi nyingine zimehamishiwa kwenye ghala la pamba. Mke wa Mheshimiwa anampelekea chakula, kinakaguliwa kama kina majibu ndani.

Matroni wa hospitali alipoona mkubwa hatoki, alichukua manesi na mikokoteni ya kuazima, wakaenda Pumzika mchana kweupe. Mke wa Mheshimiwa akawazuia mlangoni.

"Nani kawatuma?"

"Kueleza hatukuja, mama," akasema Matroni. "Tumekuja kubeba."

Wakabeba. Hidaya aliyatandika upya, wino na jasho na yote. Limebaki moja tu, lile mkewe alilompelekea Mheshimiwa alalie kule mahakamani, kwa sababu vifaa vikishaingia chumba cha mtihani havitolewi.

Jana jioni Hidaya alipita buchani kutoka kazini, akakaa kwenye kigoda changu, akavua viatu. Tulikuwa peke yetu. Bado ana mashaka, namjua, usiku hulala nusu.

"Kaka, akimaliza je? Si wataniita?"

"Hamalizi huyo."

"Karatasi zitaisha siku moja."

"Zinaagizwa nyingine."

"Lakini tuseme amemaliza. Ameandika lile neno la mwisho."

Nikafuta kisu, nikakipachika.

"Akisema si sahihi, itabidi aonyeshe magodoro yalipo," nikamwambia, "na yako wodini, mama wa mapacha anakoroma juu ya moja, kwa hiyo wewe hukuiba. Akisema sahihi, atakuwa amejitaja, na kwa mtu wa dhahabu kutaja ni jinai. Tulia, mdogo wangu, ule nyama."